Nyonga bandia ikishindwa mara ya pili, nini hasa kimeshindwa?

Shangazi yangu alikuwa ameketi juu ya mbuzi, anakuna nazi ya futari, alipoinama kuokota kifuu kilichomponyoka. Tulisikia mlio mmoja mzito, kama tawi bichi linalovunjwa kwa goti. Kisha sauti yake: "Mwanangu, mguu umekataa." Tulipomfikia, mguu wa kulia ulikuwa umejipinda kwa ndani, goti limelalia paja la pili, nao ulionekana mfupi kuliko mwenzake. Hiyo ilikuwa nyonga yake ya pili ya bandia. Ya kwanza alikuwa nayo miaka kumi, ikalegea, ikatolewa. Hii mpya ilikuwa na miezi mitatu tu.

Hospitali tuliambiwa kwa neno moja: imefeli. Neno hilo limenikaa rohoni hadi leo, kwa sababu picha ya eksirei ilisema jambo jingine. Shina la chuma lilikuwa imara ndani ya fupa la paja. Kikombe kilikuwa kimeshika. Hakuna kilichovunjika. Tufe tu ndilo lilikuwa limetoka ndani ya kikombe na kupanda juu, limejikita penye nyama. Mgonjwa wa kitanda cha jirani naye alikuwa ameambiwa nyonga yake ya marudio, yaani iliyowekwa upya badala ya ya kwanza, imefeli, na yeye alikuwa na usaha. Neno lile lile, ugonjwa mwingine kabisa, tiba nyingine kabisa. Tangu hapo nimesoma na kuwauliza madaktari mengi kuhusu jambo hili, nami naandika kwa ajili ya yeyote ambaye kesho ataambiwa neno hilo yeye au mzazi wake.

Tuanze na chombo chenyewe. Nyonga ya kuzaliwa ni tufe ndani ya kikombe: tufe ni kichwa cha fupa la paja, kikombe kimo kwenye mfupa wa kiuno. Ya bandia inaiga hivyo hivyo kwa vipande vinne. Kuna shina la chuma linalozamishwa ndani ya uwazi wa fupa la paja, tufe la chuma au la kauri linalovikwa juu ya shina, kikombe cha chuma, na ndani ya kikombe bitana ya plastiki ngumu au kauri. Shina na kikombe hushikwa ama kwa saruji maalumu ya mifupa, ama na mfupa wenyewe unaoota hadi kuingia kwenye vitundu vya uso wa chuma.

Ikikaa vizuri, hudumu sana. Watafiti waliounganisha takwimu za nchi kadhaa na kuzichapisha mwaka 2019 walikuta kwamba takriban nyonga 58 kati ya 100 zilikuwa bado kazini baada ya miaka 25. Lakini hiyo ni hesabu ya nyonga ya kwanza. Uingereza wana rejista ya taifa inayoandika kila kiungo kinachowekwa, tangu 2003, na uchambuzi wake uliotoka 2022 ulifuatilia zile zilizorudiwa. Baada ya marudio ya kwanza, takriban moja kati ya tano ilifunguliwa tena ndani ya miaka 15. Baada ya marudio ya pili, sehemu hiyo hiyo ilifikiwa ndani ya miaka 7. Baada ya ya tatu, ndani ya miaka 3. Uchambuzi huo ulionyesha pia kwamba iliyowahi kuharibika mapema, marudio yake nayo huelekea kuharibika mapema.

Kwa nini iwe hivyo, wakati daktari wa marudio mara nyingi ndiye mwenye uzoefu zaidi na vyuma vyake ndivyo vya gharama zaidi? Jibu limo kwenye mfupa.

Mwishoni mwa miaka ya 1950, katika hospitali ya Wrightington, kaskazini mwa Uingereza, daktari John Charnley alianza kuwawekea wagonjwa vikombe vya Teflon, ile plastiki inayoteleza. Wagonjwa wapatao 300 walifurahi, kisha ndani ya miaka michache plastiki ikasagika na mwili ukajibu kwa uvimbe na kulika kwa mfupa. Charnley alilazimika kuwafungua tena mmoja baada ya mwingine. Alijipandikiza chembe za plastiki hiyo kwenye paja lake mwenyewe ili aone mwili unazifanyia nini. Novemba 1962 akaanza kutumia plastiki nyingine, polietilini, na hiyo ndiyo mama wa nyonga tunazozijua leo. Mimi namheshimu mtu huyu kuliko wengi, kwa sababu hakuficha walioharibikiwa. Aliwaomba hata wagonjwa wake waridhie nyonga zao zitolewe na kuchunguzwa watakapofariki.

Polietilini nayo husagika, ila polepole. Kila hatua hutoa chembe ndogo kuliko zinavyoweza kuonekana kwa macho. Seli za kinga zinazofanya usafi mwilini huzimeza, lakini hushindwa kuziyeyusha. Hapo hutoa ishara za dharura, na ishara hizo huziamsha seli nyingine ambazo kazi yake ni kubomoa mfupa. Mfupa ulioshika chuma unaliwa na mwili wenyewe, bila homa, na pengine bila maumivu kwa miaka. Ni kama nguzo iliyoingiwa na mchwa: nje imesimama, ndani ni vumbi. Nyonga ya kwanza ya shangazi ililegea namna hii. Yeye alianza kuhisi maumivu ya paja kila anapoinuka kitini mwaka wa tisa, lakini picha ilionyesha mfupa ulikuwa umeanza kulika zamani. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 plastiki hutengenezwa kwa kupigwa mionzi ili iwe ngumu zaidi, na tatizo hili limepungua sana kwa wanaowekewa sasa. Wanaorudi hospitali leo, hata hivyo, wengi ni wale waliowekewa zamani.

Sasa fikiria daktari anayefungua mara ya pili. Ule mfupa laini wenye matundumatundu, ambao saruji ya kwanza iliupenya ikashika kama zege kwenye kokoto, umekwisha. Sehemu imeliwa, sehemu imekwanguliwa pamoja na saruji ya zamani. Kilichobaki ni ganda gumu linaloteleza, kama kifuu cha nazi iliyokunwa hadi mwisho. Mimina saruji mpya humo: itashika nini? Vipimo vya maabara vilivyochapishwa mwaka 1988 vilijibu swali hilo. Nguvu ya saruji kung'ang'ania mfupa katika marudio ya kwanza ilikuwa kama asilimia 20 tu ya ile ya mwanzo, na katika marudio ya pili ikashuka chini ya asilimia 10. Ndiyo maana marudio mengi ya zamani, yaliyofanywa kama vile ni kurudia kazi ile ile kwa saruji mpya, yalilegea haraka.

Madaktari wakabadili mbinu. Badala ya kung'ang'ana na sehemu iliyoharibika, wengi sasa hutumia shina refu lenye umbo la kabari na mifereji ubavuni, linalopita eneo bovu na kwenda kubana chini zaidi, kwenye mfupa mzima. Wengine, hasa waliofuata shule ya Nijmegen nchini Uholanzi na Exeter nchini Uingereza, hujaza mashimo kwa chengachenga za mfupa uliotolewa na mtu mwingine, wakizishindilia kwa nyundo tabaka kwa tabaka kabla ya kuweka saruji. Mfupa huo mara nyingi ni kichwa cha fupa la paja la mgonjwa aliyekuwa anabadilishiwa nyonga kwa mara ya kwanza, akaridhia kisitupwe. Upande wa kikombe hutumika vyuma vyenye vitundu kama sifongo, vya tantalamu au titani, vinavyoukaribisha mfupa uote ndani yake. Kila njia ina mahali pake. Hakuna hata moja inayorudisha mfupa uliopotea ukawa kama ulivyoumbwa.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwetu Afrika Mashariki. Tunao vijana wenye selimundu, ambao kichwa cha fupa la paja hufa kwa kukosa damu wakiwa bado na umri wa miaka ishirini na kitu. Mtu wa miaka 75 anaweza kumaliza maisha yake na nyonga moja. Kijana wa miaka 28 karibu hakika atarudi. Kwa kijana huyo, kila kipande cha mfupa kinachobakizwa kwenye upasuaji wa kwanza ni akiba ya upasuaji wa pili na wa tatu.

Nimelikalia suala la mfupa kwa muda mrefu, lakini ukiniuliza ni kitu gani kimoja kinachowaponza wagonjwa wa marudio, nitasema ni maambukizi yasiyojulikana kuwa ni maambukizi.

Watu wengi hudhani nyonga yenye bakteria lazima iwe na homa, uvimbe mwekundu na usaha unaotoka. Wakati mwingine ndivyo. Lakini kuna bakteria wapole wanaoishi juu ya ngozi zetu sote, ambao wakifika kwenye chuma hukaa kimya kwa miezi au miaka. Hujenga utando unaoteleza juu ya chuma, kama ule ukungu wa kijani unaouhisi kwa kidole ndani ya tangi la maji la zamani. Ndani ya utando huo kinga ya mwili haiwafikii vizuri, na antibiotiki hazina nguvu. Dalili pekee huwa maumivu yasiyoisha na chuma kinacholegea. Kwenye picha inaonekana ni kulegea kwa kawaida. Daktari anatoa shina, anaweka jipya, anashona. Bakteria wale wale wanahamia kwenye chuma kipya, na baada ya mwaka mmoja au miwili inasemwa kwamba marudio yamefeli. Ukweli ni kwamba tiba ya ugonjwa wenyewe ilikuwa haijaanza.

Kuwatafuta kunahitaji subira. Kipimo cha damu husaidia, ila majibu mazuri hayatoshi kuwa ushahidi kwamba hawapo. Huvutwa maji ya kwenye kiungo kwa sindano, na wakati wa upasuaji huchukuliwa vipande vitano au zaidi kutoka sehemu mbalimbali, kila kimoja kwa kifaa chake safi. Maabara inabidi ivitunze hadi siku 14, kwa sababu baadhi ya bakteria hawa huota taratibu mno na anayevitupa siku ya tatu hatawaona. Mgonjwa naye ana sehemu yake. Mtu anayeumwa nyonga akipita duka la dawa na kujinunulia antibiotiki, anawapunguza bakteria kiasi cha kuwaficha wasionekane, lakini hawauwi. Kwa kawaida daktari hutaka mgonjwa asiye mahututi akae kama wiki mbili bila antibiotiki kabla ya kuchukuliwa sampuli. Ukiwa umemeza vidonge vyovyote, sema. Usione aibu.

Wakipatikana, tiba ni nzito. Chuma chote hutolewa pamoja na saruji na nyama iliyooza. Wapo wanaoweka kipya siku hiyo hiyo, na wapo wanaoweka kwanza kiungo cha muda cha saruji iliyochanganywa na antibiotiki, kisha kurudi baada ya wiki au miezi. Wazo la kuchanganya dawa ndani ya saruji lilianzia Hamburg, Ujerumani, mwaka 1970, kwa daktari Buchholz na wenzake.

Turudi kwa shangazi na mbuzi yake. Kuteguka, yaani tufe kutoka kikombeni, ni miongoni mwa sababu kubwa za marudio kushindwa, na huja mapema, mara nyingi ndani ya miezi ya kwanza. Kinacholishika tufe ndani ya kikombe si chuma. Ni misuli ya pembeni ya nyonga na mfuko wa nyama unaozunguka kiungo. Upasuaji wa kwanza umeikata misuli hiyo, wa pili umekata juu ya kovu, na wakati mwingine imekwisha kulika. Inabaki kama kamba iliyolegea. Ukikaa chini sana, magoti yakapanda juu ya kiuno, kisha ukainama mbele na mguu ukageukia ndani, shingo ya shina hugonga ukingo wa kikombe na kulibana tufe litoke kwa nyuma kama mbegu ya embe inayoponyoka kwenye vidole.

Karatasi aliyopewa shangazi siku ya kuruhusiwa ilisema asikae kwenye kiti kifupi. Alitii. Mbuzi si kiti. Wala mkeka si kiti, wala choo cha kuchuchumaa, wala kigoda cha kupikia jikoni. Maelezo yaliyoandikwa kwa ajili ya nyumba zenye sofa yanamwacha mama wa Kiswahili bila ulinzi mahali pale anapokaa kila siku. Naomba wauguzi na wataalamu wa mazoezi ya viungo wanaosoma hapa wavitaje vitu hivi kwa majina yake.

Tufe lilirudishwa akiwa usingizini, bila kisu. Wiki tano baadaye likatoka tena, safari hii akigeuka kitandani. Hapo daktari mwingine alifanya jambo ambalo lingepaswa kufanywa mwanzo: aliagiza picha ya CT na kupima pembe ya kikombe. Kikombe kilikuwa kimesimama mno, hakikuelekea mbele vya kutosha. Kumbe kosa halikuwa la mama kukuna nazi peke yake. Alieleza kwamba atakibadilisha na kuweka cha aina ya tufe mbili, ambapo tufe dogo huzunguka ndani ya tufe kubwa la plastiki, nalo huzunguka ndani ya kikombe. Umbo hilo lilibuniwa na Gilles Bousquet huko Saint-Étienne, Ufaransa, miaka ya 1970. Tufe likiwa kubwa, safari ya kutoka kikombeni inakuwa ndefu zaidi.

Sababu nyingine nazitaja kwa haraka. Fupa la paja linaweza kupasuka kando ya shina, hasa kwa wazee walioanguka. Shina lenyewe linaweza kukatika kwa uchovu wa chuma, hasa lile la vipande viwili, pale kwenye maungio, kama mfupa wa juu haulishikilii. Na maungio ya tufe na shina yanaweza kushika kutu.

Ipo moja, hata hivyo, ambayo ni nadra na bado kila anayefanyiwa marudio aijue. Huko Marburg, Ujerumani, mwaka 2012 alifika mwanamume wa miaka 55 ambaye moyo wake ulikuwa unashindwa kazi, masikio yamekufa, macho karibu hayaoni, na ana homa isiyoeleweka. Madaktari wa moyo hawakuona sababu kwenye moyo. Profesa Jürgen Schäfer na wenzake waligundua kwamba mwishoni mwa 2010 nyonga yake ya kauri ilivunjika, akawekewa ya chuma. Vipande vya kauri havikuisha vyote mwilini. Kauri ni ngumu kuliko chuma. Vikawa vinalisaga tufe jipya kama msasa, na kobalti, madini yaliyomo ndani ya chuma hicho, ikamwagika kwenye damu hadi kufikia sumu. Nyonga ilipobadilishwa tena na kuwekwa ya kauri, moyo ulipata nafuu kubwa, lakini kusikia na kuona vilirudi kidogo tu. Kwa hiyo kama kauri yako imevunjika, uliza utawekewa tufe la nini. Na kama una chuma na moyo, masikio au macho yameanza kukusumbua, mwambie daktari wa moyo kwamba una nyonga ya bandia, hata kama hakukuuliza.

Nyonga ya yule Mjerumani ilijulikana kwa sababu historia yake iliandikwa. Ndani ya boksi la kila kipande cha nyonga bandia huwa na vibandiko vidogo vyenye jina la kipande, ukubwa na namba ya toleo. Vinabandikwa kwenye faili siku ya upasuaji. Omba nakala, ipige picha kwa simu, mtumie mtoto wako aitunze. Wengi wetu hufanyiwa upasuaji wa kwanza India au mji wa mbali, na wa pili kwingine, na daktari wa pili anabaki kukisia kutoka kwenye picha ni chuma cha kampuni gani. Asipokijua, hana uhakika wa tufe linaloingia sawasawa kwenye shina lile, na huenda akalazimika kung'oa shina zima lililokuwa imara kwa sababu tu ya kukosa kipande kidogo. Mwaka 2010, aina moja ya nyonga ya chuma kwa chuma, yaani tufe la chuma ndani ya kikombe cha chuma, ilipoondolewa sokoni baada ya kuwekwa kwa watu wapatao 93,000 duniani, wenye kumbukumbu walijua siku hiyo hiyo kama inawahusu.

Usiku wa kuamkia upasuaji wake wa tatu, shangazi alimuuliza daktari, "Na hii nayo ikikataa?" Daktari alivuta kiti akakaa. Akamweleza kwamba ipo njia ya mwisho, ya kutoa kila kitu na kutoweka kingine, ambayo daktari Girdlestone wa Oxford, Uingereza, aliifanya hata kabla nyonga za bandia hazijaenea. Mguu hufupika kwa sentimeta kadhaa, kiatu hupandishwa kisigino, magongo huwa ya maisha, lakini wengi maumivu hupungua na kisu hukoma. Shangazi alitulia. Kisha akauliza kama mtu huyo husimama kuswali.

"Ataswali kwenye kiti, mama."

"Kiti kipo," akasema. "Lete kalamu nitie sahihi."